Mwandishi wa Ridhaa na Suala la Ilhamu: Mawazo Kutoka Singida

Kila mwanafunzi wa fasihi aliyepita katika madarasa yetu amekutana na swali la chimbuko la sanaa. Tunafundishwa kwamba iko mitazamo miwili. Wa kwanza ni wa kidhanifu, unaosema kuwa sanaa ni kipaji kitokacho kwa Mungu na kwamba msanii ni mtu aliyeteuliwa. Wa pili ni wa kiyakinifu, unaosema kuwa sanaa imezaliwa na kazi, pale binadamu alipokuwa akipambana na mazingira yake ili aishi. Mtihani ukija tunaandika kurasa nne, tunaukataa wa kwanza, tunaukubali wa pili, tunapata alama zetu, basi. Nami nilifanya hivyo hivyo, na sijutii.

Lakini usiku, nikiisha kufunga madaftari ya darasa, hufungua daftari jingine. Mimi ni mwandishi wa hadithi. Sijachapishwa popote, silipwi na mtu, na hakuna anayenisubiri. Nikikaa mbele ya karatasi tupu, mitazamo yote miwili hunitupa mkono. Ule wa kwanza huniambia nisubiri mpaka mzuka upande. Ule wa pili huniambia kwamba jamii ndiyo iandikayo kupitia kwangu. Lakini jamii, bwana, haijawahi kuja kunishikia kalamu saa nne za usiku.

Katika makala haya nataka kumjadili mtu huyo ambaye mitazamo yetu imemsahau. Nitamwita mwandishi wa ridhaa, kama tunavyosema mchezaji wa ridhaa, yaani yule achezaye kwa kupenda, na ambaye kesho asubuhi anakwenda kazini kama kawaida. Nauliza: ilhamu ya mtu kama huyu hutoka wapi? Nitaanza na waandishi wetu wanaojulikana, kisha nitaueleza mswada wangu mwenyewe, unaohusu jambo lililotokea kwetu Singida. Wasomaji wasidhani najisifu. Mswada huo umeshindwa mara tatu, na kushindwa huko ndiko kulikonifundisha hiki kidogo nilicho nacho.

Riwaya yetu ni kazi ya ridhaa

Tukiwahakiki waandishi wetu tunawazungumzia kana kwamba asubuhi waliamka, wakanywa chai, wakaketi kuandika mpaka jioni. Je, ni kweli? Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali. Aliingia Idara ya Ushuru wa Forodha mwaka 1926 akakaa huko hadi 1944, kisha akahamishiwa kwingine, daima katika utumishi. Kusadikika kilipotoka mwaka 1951 alikuwa bado mtumishi wa serikali ya kikoloni. Muhammed Said Abdulla alifanya kazi katika Idara ya Afya huko Zanzibar kabla ya kuwa mhariri, na Mzimu wa Watu wa Kale, uliochapishwa mwaka 1960, ulianza kama mswada uliopelekwa kwenye mashindano. Elvis Musiba, baba wa Willy Gamba, alikuwa mfanyabiashara. Chachage Seithy Chachage alifundisha sosholojia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hadi alipofariki mwaka 2006, na riwaya yake ya Makuadi wa Soko Huria, ya mwaka 2002, aliiandika pembeni mwa kazi hiyo.

Sehemu kubwa ya riwaya ya Kiswahili, basi, imejengwa na watu waliokuwa na kazi nyingine. Jambo hili huwa tunalitaja katika aya ya wasifu wa mwandishi halafu tunaliacha hapo. Mimi naona kuwa ni la msingi katika fani yenyewe. Mtazameni Karama katika Kusadikika. Anashitakiwa mbele ya mfalme kwa kosa la kutaka watu wafundishwe sheria, na anajitetea kwa masimulizi. Nchi yenyewe iko angani, haina pwani wala reli. Kwa nini angani? Karani wa serikali hawezi kuiandika serikali iliyomwajiri kwa jina lake. Ofisi ilimpa Shaaban Robert maudhui, kwa sababu alikuwa akiitazama dhuluma kutoka ndani. Na ofisi hiyo hiyo ikampa fani, kwa sababu ilimziba mdomo. Nchi ile ya angani ilitokana na kukatazwa.

Mfano mkubwa kuliko yote kwangu ni Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Mzee huyu, aliyefanya kazi misheni, alimaliza kuiandika riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945. Hakupata wa kuichapisha. Miaka ikapita. Uzeeni akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, neno kwa neno, kurasa kwa mamia. Tanzania Publishing House ikaichapisha mwaka 1980, naye akafariki mwaka 1981. Miaka thelathini na mitano kati ya kumaliza na kuchapishwa! Mtu asiyelipwa, asiyejulikana, asiye na hakika kama hata mtu mmoja atamsoma. Tukisema huyu alisukumwa na ilhamu, hatujasema kitu. Ilhamu gani hudumu miaka thelathini na mitano?

Jibu naliona katika ukurasa wenyewe. Myombekere anatakiwa kupeleka pombe ya ndizi ukweni ili arudishiwe mke wake, na Kitereza anatueleza namna pombe hiyo inavyotengenezwa, hatua kwa hatua. Wako wenzetu wanaolalamika kwamba sehemu hizo zinapoza hadithi, kwamba mzee alikuwa anaandika kitabu cha mila akakiita riwaya. Nimewahi kusema hivyo mimi mwenyewe katika semina. Siku hizi nasoma kwa namna nyingine. Mume anayempenda mke wake, na ambaye ukoo wake umemtukana mke huyo kwa kukosa mtoto, hana maneno ya kusema. Ana ndizi tu, na mikono, na siku za kusubiri. Kila hatua ya ile pombe ni hatua ya kumwendea Bugonoka. Ukiifuta kazi ile, umeyafuta mapenzi yao. Kitereza hakuhitaji kusubiri mzuka umpande. Alikuwa anajua kazi za watu wake zinavyofanyika, na alijua kuwa humo ndimo mioyo yao ilimofichwa.

Mswada ulioshindwa mara tatu

Sasa nije kwangu. Wasomaji wengi wa historia ya nchi hii wamewahi kusikia habari za watu-simba wa Singida. Kati ya mwaka 1946 na 1948 watu wengi katika wilaya ya Singida walikufa kwa majeraha yaliyofanana na ya kushambuliwa na simba. Ikadaiwa kwamba baadhi ya vifo hivyo havikuwa kazi ya wanyama, kwamba wako watu waliofichwa, wakavishwa ngozi na kutumwa kuua kwa malipo. Serikali ya kikoloni ikakamata watu, ikawashitaki, na baadhi yao wakanyongwa. Habari hizo ziliandikwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records mwaka 1950, na mwaka 1962 mwanaanthropolojia Harold Schneider, aliyewatafiti Wanyaturu, akayapima upya maelezo yale katika jarida hilo hilo.

Kwa kijana anayetaka kuandika, hii ni kama kuokota mfuko wa fedha njiani. Nilisema moyoni: ilhamu ndiyo hii, nimeipata!

Mswada wa kwanza niliuandika nikiwa kidato cha tano. Mpelelezi anatoka Dar es Salaam kwa treni, anashuka Manyoni, anapanda lori. Ana koti refu, ana bastola, anavuta sigara kila akifikiri. Simba ananguruma katika ukurasa wa kwanza, wa pili na wa tatu. Mwishoni mpelelezi anamkamata mkuu wao pangoni, kati ya yale majabali yetu makubwa ambayo kila apitaye Singida huyatazama kwa mshangao. Rafiki yangu mmoja aliusoma usiku mmoja akanirudishia asubuhi. Akaniuliza, "Huyu mpelelezi wako ametoka wapi? Mbona Singida yako haina hata kuku?" Nilikasirika, lakini alikuwa amesema kweli. Singida bila kuku, bila mtama, bila asali, ni Singida gani hiyo?

Kosa langu halikuwa kuazima. Muhammed Said Abdulla naye aliazima: Bwana Msa na kiko chake ni ndugu wa Sherlock Holmes, na hakuna asiyejua. Lakini siri anazofichua Bwana Msa ni siri za nasaba, za nani mtoto wa nani na nani mrithi wa nani, na hizo ndizo siri zilizokuwa zikiitikisa jamii aliyoiandikia. Alilikata vazi la kuazima likamkaa mwenyeji. Mimi nililivaa kama lilivyo, likaburuza chini.

Mswada wa pili uliandikwa hapa chuoni. Nilikwisha kuingia maktaba, nikasoma niliyoweza kuyasoma, nikayatia yote. Miaka, kodi, utawala, ukame, mashitaka. Nikafurahi kwamba sasa naandika kiyakinifu. Matokeo yake yalikuwa taarifa ya bwana shauri yenye majina ya kubuni. Hatari hii huwapata hata wakubwa. Katika Makuadi wa Soko Huria, Chachage anaizungumzia delta ya Rufiji na mradi wa ufugaji wa kamba kwa ujuzi ambao mwandishi mwingine asingekuwa nao. Lakini ziko kurasa ambamo mhadhiri anamsukuma mwandishi kando na kushika kipaza sauti mwenyewe. Tunamsamehe kwa sababu hasira yake ni ya kweli na tunaisikia. Mimi sikuwa na hasira. Nilikuwa na kumbukumbu za maktaba tu.

Wa tatu ulianza na bibi yangu, mzaa baba. Wakati ule alikuwa binti mdogo. Nilimwendea likizo moja, kabla hajafariki, nikamsalimia, nikakaa karibu na jiko, nikamwuliza:

"Bibi, mlimwona?"

"Nani?"

"Huyo mtu-simba."

Akacheka. "Mjukuu wangu, kama ningemwona, ungekuwapo hapa wewe wa kuniuliza?"

Akanyamaza kidogo, nikadhani tumemaliza. Kisha akasema, kama mtu anayezungumza na sufuria, "Sisi tulikuwa tunatwanga mchana."

Sikuelewa. Ndipo akanieleza kwamba zamani kazi ya kutwanga mtama ilifanywa jioni, jua likipoa, na ukisimama uani ungesikia mchi wa kila nyumba. Ulipoingia wakati ule wa hofu, mama yake alianza kutwanga mapema, jua likiwa kali, kwa sababu kabla ya giza kinu kilitakiwa ndani. Walikiviringisha mpaka mlangoni wakakiegemeza kwa nyuma. Nyumba zote zikafanya hivyo. Basi jioni haikusikika sauti ya mchi hata mmoja. "Ule ukimya," akasema bibi, "ndio tuliouogopa. Simba hatukumwona."

Nilirudi chuoni na sentensi hiyo. Si ngurumo tena. Kinu nyuma ya mlango. Na hapo nilimwelewa Kitereza na pombe yake. Hofu ya kijiji kizima ilikuwa imo katika saa ya kutwanga. Hakuna kitabu cha maktaba kilichoniambia hivyo, na wala sikupandwa na mzuka wowote. Nilikuwa nimeshindwa mara mbili, na kushindwa kulinifundisha namna ya kuuliza na, zaidi, namna ya kunyamaza baada ya kuuliza.

Maana ya pili ya ridhaa

Hapa ningeweza kumaliza, na makala yangekuwa yenye furaha. Lakini iliyofuata ndiyo sehemu iliyonifanya niandike.

Mswada wa tatu niliusoma kwa sauti nyumbani, jioni, shangazi yangu akisikiliza huku anachambua mchele. Kinu kilimpendeza. Alitikisa kichwa, akasema, "Ndivyo, ndivyo." Nikaendelea. Katika sura ya nne nilikuwa nimemtaja mtu ambaye nyumba yake, kwa maneno ya watu, ndiyo iliyowafuga. Nilibadili jina lake, lakini niliuacha mti ulio mbele ya ile nyumba, na kisima, na mguu wake mmoja mfupi. Nilijivunia sana ule mguu. Shangazi akaweka ungo chini.

"Hao wajukuu zake tunasali nao. Nani amekupa ridhaa?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia kwamba ni hadithi tu, ya kubuni. Akasema, "Mti si wa kubuni."

Nimelifikiria neno lake kwa muda mrefu. Najiita mwandishi wa ridhaa kwa maana ya kwamba mimi nimeridhia. Nafanya kwa hiari yangu. Lakini ridhaa ina pande mbili. Mtu mwingine alishitakiwa na watu kwa minong'ono, pengine hakufanya lolote, akafa na minong'ono hiyo. Mimi nisiyelipwa, nisiyesukumwa na njaa wala mchapishaji, nikauchukua mguu wake mfupi kwa kuwa unapendeza katika aya. Mwandishi wa riziki anaweza kujitetea kwa njaa. Mimi ningejitetea kwa nini?

Najua pingamizi litakalokuja, maana ningelitoa mimi mwenyewe. Fasihi ni kioo na tena ni silaha. Mwandishi akianza kuomba ruhusa, ataandika nini? Rosa Mistika ya Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, ilipigwa marufuku mashuleni kwa muda. Angewaomba radhi wazazi na walimu wakuu kwanza, tungeipata? Pingamizi hili ni zito na sitaki kulikwepa. Nadhani tofauti iko katika nguvu. Kezilahabi aliwanyooshea kidole waliokuwa na mamlaka juu ya msichana. Chachage aliwanyooshea kidole wenye fedha na wenye vyeo. Hao hawahitaji kuombwa ridhaa, kwa kuwa wao wenyewe hawakumwomba mtu. Lakini wajukuu wa mzee mwenye mguu mfupi wana nguvu gani juu yangu? Mwenye kalamu pale kijijini ni mimi. Anayestahili kutazamwa kwa jicho kali ni mimi.

Nikafuta sura ya nne. Ilikuwa sura yangu nzuri, niliilia. Kwa wiki kadhaa mswada ulikuwa na shimo katikati: kama muuaji hatajulikani, hadithi inakwenda wapi? Siku moja nikiwa katika foleni ya chakula, sahani mkononi, nikatambua kwamba shimo lile ndilo hadithi. Wale waliokuwa nyuma ya kinu hawakujua aliyekuwa nje ni nani. Angeweza kuwa mnyama. Angeweza kuwa jirani aliyeazima chumvi asubuhi. Kila nyumba ilitazama nyumba nyingine kwa jicho hilo, na hata baada ya watu kunyongwa jicho halikufumba. Ndiyo maana shangazi, miaka mingi baadaye, aliweka ungo chini. Kutokujua ndiko kuliko kuwa msiba. Sikuwa na haki ya kuwajulisha wasomaji kile ambacho bibi yangu hakukijua hadi kaburini.

Sasa, wenzangu wa kidhanifu mtasema: hiyo foleni ya chakula ndiyo ilhamu! Sawa, siwezi kukataa. Lilikuja ghafla, na sahani karibu iniponyoke. Lakini tazameni limekuja lini. Limekuja baada ya miswada mitatu, baada ya bibi kunyamaza, na baada ya shangazi kukataza. Kama Shaaban Robert asingefungwa mdomo, nchi ya angani isingekuwapo. Kama shangazi angenisifu, ningebaki na ule mguu.

Hitimisho: na sisi wahakiki je?

Mwandishi wa ridhaa ana uhaba wa wakati na uhaba wa fedha, hilo linajulikana. Siku hizi ziko tuzo zinazopokea miswada isiyochapishwa. Tuzo ya Kiswahili iliyoanza mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, ambayo sasa ni Safal-Cornell, ni mojawapo, na tangu mwaka 2022 ipo Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Ni jambo la heri. Lakini tuzo humpa mwandishi jaji mwishoni mwa safari. Kinachopungua ni msikilizaji njiani, mtu wa kuweka ungo chini.

Hapo nadhani magazeti ya uhakiki kama hili letu yana kazi. Tumezoea kuhakiki vitabu vilivyokwisha kufungwa jalada, tukagawa maudhui huku na fani kule, tukaorodhesha dhamira tano. Mswada wa mwenzetu wa chumba cha pili hatuugusi, kwa kuwa ati si fasihi bado. Nani basi atamwambia kwamba Singida yake haina kuku? Napendekeza tuanze kusomeana miswada, hata kwa ukali, na tumwulize mwandishi maswali mawili tu kabla ya hayo ya mtihani: kazi gani inafanyika katika ukurasa huu, na nani ameridhia?

Mswada wa nne sijaumaliza. Likizo iliyopita nilimsomea shangazi ukurasa wa kwanza. Mwanamke anatwanga jua likiwa kichwani, mtoto anamwuliza kwa nini leo mapema, mama hajibu. Shangazi alisikiliza hadi mwisho. Akasema kinu hakiegemezwi kwa mdomo kuelekea mlangoni kama nilivyoandika, kitakuwa chepesi kusukumwa. Kitako ndicho kinachotangulia.

Nimesahihisha.